Kozi za Kiangazi za Roboti na Uhandisi za MIT Beaver Works: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Familia Zinazozungumza Kiswahili

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya wazazi, walezi na wanafunzi wanaozungumza Kiswahili na wanaoishi Marekani, ambao wamesikia kwa mwalimu wa hisabati au kwa jirani kwamba MIT ina kozi za roboti wakati wa likizo ya kiangazi, na wangependa kujua ni kitu gani hasa, nani anaweza kuomba na mtoto ajiandae vipi. Si ukurasa rasmi wa chuo hicho. Tarehe za mwisho, ada na masharti ya kila mwaka hutangazwa na waandaaji wenyewe, na pale ambapo tangazo lao linatofautiana na maelezo haya, tangazo lao ndilo la kufuatwa.

Beaver Works Summer Institute ni nini, na inaendeshwa na nani?

Ni mpango wa masomo ya uhandisi kwa wanafunzi wa sekondari, unaochukua wiki nne za kiangazi, kuanzia mwezi wa Julai. Unaendeshwa na kituo kiitwacho Beaver Works, ambacho ni ubia kati ya Kitivo cha Uhandisi cha MIT, chuo kikuu kilichoko Cambridge katika jimbo la Massachusetts, na MIT Lincoln Laboratory, maabara kubwa ya utafiti iliyoko Lexington, mji wa jirani. Jina limetokana na beaver, mnyama mjenzi wa mabwawa ambaye MIT ilimchagua kuwa nembo yake mwaka 1914.

Mpango ulianza mwaka 2016 kwa kozi moja tu ya magari madogo yanayojiendesha, ukiwa na wanafunzi 46. Mwaka uliofuata kozi zilikuwa tatu, na mwaka 2018 zikafika nane. Mwaka 2020, kwa sababu ya janga la korona, masomo yote yalihamia mtandaoni, na baada ya hapo baadhi ya kozi zimekuwa zikitolewa mtandaoni na nyingine ana kwa ana.

Kuna kozi gani, mbali na hiyo ya magari?

Orodha hubadilika mwaka hadi mwaka, lakini kwa miaka iliyopita imejumuisha urukaji wa droni zinazojiongoza zenyewe, utengenezaji wa msaidizi wa kompyuta anayetambua sauti na sura, uchambuzi wa takwimu za afya, ujenzi wa setilaiti ndogo aina ya CubeSat, usalama wa vifaa vya kielektroniki, rada inayobebwa na droni ili kupiga picha za ardhi, na vifaa vya kuwasaidia watu wenye ulemavu. Mwanafunzi huchagua kozi anayoitaka wakati wa kujiandikisha. Tunashauri achague ile atakayoipenda hata siku ambayo msimbo wake, yaani maagizo anayoiandikia kompyuta, utagoma kufanya kazi, asiichague kwa sababu jina lake linapendeza kwenye karatasi.

Katika kozi ya magari, wanafunzi wanafanya nini hasa?

Swali hili tutalijibu kwa urefu, kwa sababu wazazi wengi wanaposikia neno "roboti" hufikiria kitu cha kuchezea, na wengine huona si busara kumwachia kijana wiki nne za likizo kwa ajili ya mchezo.

Gari lenyewe kweli lilianza kama gari la kuchezea: ni gari la kuendeshwa kwa rimoti, lenye ukubwa wa moja ya kumi ya gari la kawaida. Juu yake hufungwa kompyuta ndogo yenye nguvu ya kuchakata picha, kamera, kifaa cha kupima mwendo na mzunguko wa gari, na kipimo cha umbali kiitwacho lidari. Rimoti huwekwa kando. Tangu hapo kazi yote ya kuona njia, kuamua na kukata usukani hufanywa na programu ambayo wanafunzi wameiandika wenyewe, kwa lugha ya kompyuta iitwayo Python.

Lidari hutoa mwale wa leza, ukagonga ukuta, ukarudi, na kifaa kikapima muda uliotumika. Mwanga husafiri takriban sentimita 30 katika nanosekunde moja, yaani katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde, kwa hiyo ukuta ulio mbali kwa mita 3 utarudisha mwale baada ya nanosekunde 20. Kifaa hurudia kipimo hiki katika mamia ya pembe kuzunguka gari, kisha huanza upya, mara makumi kwa sekunde. Mwanafunzi hupokea orodha ndefu ya namba, na ni juu yake kuamua namba zipi ni ukuta, zipi ni kizuizi, na zipi ni nafasi wazi ya kupita. Kama gari linakwenda mita 5 kwa sekunde na lidari inatoa picha mpya mara 40 kwa sekunde, gari litakuwa limesogea sentimita 12 na nusu kati ya picha moja na nyingine. Programu inayochelewa kufikiri itaona kona wakati gari limeshaigonga, na hapo kijana hujifunza kwa macho yake kwa nini wahandisi hujali kasi ya msimbo.

Kazi ya kwanza ngumu kwa kawaida ni kulifanya gari lifuate ukuta kwa umbali uleule bila kuyumba. Hapo ndipo wanafunzi wanapokutana na nadharia ya udhibiti, ambayo vyuo vingi huifundisha baada ya miaka miwili au mitatu ya shahada. Programu hupima kosa, yaani tofauti kati ya umbali unaotakiwa na umbali uliopo, kisha hukata usukani kulingana na ukubwa wa kosa hilo. Ikiishia hapo gari litapepesuka kushoto na kulia, kwa sababu kila linaporudi kwenye mstari huwa tayari lina mwendo wa kuupita. Kwa hiyo huongezwa sehemu ya pili, inayoangalia kosa linapungua kwa haraka kiasi gani na kuutuliza usukani mapema. Sehemu ya tatu hujumlisha makosa madogo yasiyokwisha, kwa mfano pale magurudumu yanapovuta kidogo upande mmoja daima. Kupata uwiano mzuri wa sehemu hizi tatu huchukua saa nyingi za kujaribu, kuandika matokeo na kujaribu tena. Ninaamini saa hizo ndizo zenye thamani kubwa kuliko zote katika kozi nzima, kwa kuwa humfundisha kijana kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja na kuamini kipimo kuliko hisia.

Umbo la usukani nalo lina jiometria yake. Gari linapokata kona, gurudumu la ndani huzunguka duara dogo kuliko la nje, hivyo lazima ligeuke kwa pembe kubwa zaidi, la sivyo matairi yataburuzika. Suluhisho hili lilibuniwa na mtengenezaji wa magari ya farasi wa Munich, Georg Lankensperger, na kupewa hataza Uingereza mwaka 1818 kwa jina la wakala wake, Rudolph Ackermann. Hadi leo linaitwa usukani wa Ackermann, na neno hilo limo ndani ya jina refu la gari la MIT, ambalo kwa kifupi huitwa RACECAR.

Baadaye huja kamera: kutambua koni ya rangi ya chungwa hata mwanga wa chumba unapobadilika, kusoma alama, kufuata mstari. Kisha huja uchoraji wa ramani, ambapo gari huchora ramani ya mahali lisipopajua na papo hapo kujitafuta liko wapi ndani ya ramani hiyo. Mwishoni timu hushindana katika barabara iliyotengenezwa ukumbini, magari yakienda bila mkono wa mtu.

Nani anaweza kuomba?

Mpango umejengwa kwa ajili ya wanafunzi wa shule za sekondari zilizoko Marekani, na walengwa wakuu ni waliomaliza darasa la 11 na wanaosubiri kuingia la 12. Baadhi ya kozi huwapokea pia walio nyuma kwa mwaka mmoja. Kwa familia zilizozoea mfumo wa Kenya au Tanzania, ambako mwaka wa shule huanza Januari, ni vizuri kukumbuka kwamba hapa mwaka huisha Mei au Juni, na maandalizi ya kozi ya Julai huanza katikati ya mwaka wa shule, wakati bado kuna baridi. Mzazi anayeanza kuulizia mwezi wa Juni atakuwa amechelewa.

Wanasema ni mpango wa wanafunzi wenye vipawa. Mwanangu si wa kwanza darasani. Je, ajisumbue kuomba?

Ndiyo, kama anapenda kujua vitu vinavyofanya kazi na ana uvumilivu wa kukaa na tatizo moja jioni nzima.

Shule nyingi za Marekani zina madarasa maalumu ya watoto wenye vipawa, na huchagua watoto hao mapema, pengine wakiwa na miaka saba au minane, kwa mitihani inayofanywa kwa Kiingereza. Mtoto aliyefika nchini akiwa na miaka kumi na mbili, akitokea Goma kupitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu au Kakuma, hakuwepo siku mtihani huo ulipofanywa. Kutokuwemo kwake katika orodha hiyo hakusemi lolote kuhusu akili yake. Kinachouma ni kwamba vijana wengi wa aina hii hujiondoa wenyewe kabla mtu yeyote hajawakataa, na wazazi wao, kwa heshima waliyo nayo kwa shule, huona kama shule haikumtaja basi haikuona kitu. Mzazi, usisubiri mtoto wako atajwe. Mpeleke kwa mwalimu na useme wazi kwamba anataka kujaribu.

Zaidi ya hayo, mpango huu una njia ya kupima wanafunzi ambayo ni ya haki kuliko mtihani wa siku moja, nayo inaelezwa katika jibu linalofuata.

Sehemu ya mtandaoni ni ya nini? Kwa nini isianze moja kwa moja Julai?

Kabla ya kiangazi, kila anayejiandikisha hupewa kozi ya maandalizi mtandaoni, isiyo na malipo, anayoifanya kwa muda wake mwenyewe wakati shule inaendelea. Humo mna masomo ya Python, hisabati inayohitajika, na mazoezi yanayohusiana na kozi aliyoichagua. Jinsi mwanafunzi anavyoikamilisha kozi hii ni sehemu muhimu ya kuamua nani ataitwa Julai.

Hapo ndipo lango lilipo, na ndipo tunapotamani kila familia iweke nguvu zake. Kozi ya mtandaoni haiulizi baba anafanya kazi gani, wala mtoto alianza kusoma Kiingereza lini. Inaonyesha kwamba mtu ameingia, amefanya zoezi la kwanza, limekataa, amerudi kesho yake, limekubali. Wengi hujiandikisha kwa shauku na kuacha baada ya wiki chache, mitihani ya shule inapobana au zoezi la tatu linapokuwa gumu. Kijana anayetenga saa moja ya kudumu, tuseme kila jioni baada ya chakula na asubuhi ya Jumamosi, huwapita wengi waliokuwa mbele yake mwanzoni.

Na hata asipoitwa Julai, masomo hayo atakuwa ameyapata bure. Ndiyo maana tunasema hakuna hasara ya kujiandikisha.

Mzazi asiyejua kompyuta anaweza kusaidia sana hapa. Mpe mahali pa kukaa pasipo na televisheni. Usimtume dukani ndani ya saa hiyo. Mwulize mwisho wa juma amefika wapi, na umwombe akueleze kwa Kiswahili alichojifunza. Anayeweza kumweleza mama yake maana ya kosa na usukani bila kutumia neno la Kiingereza, ameelewa.

Ajue hisabati gani kabla ya kuanza?

Aljebra awe ameizoea kiasi cha kuigeuza fomula bila hofu. Trigonometria ataihitaji mapema, kwa sababu lidari hutoa pembe na umbali, na kuzigeuza namba hizo kuwa mahali kwenye ramani ni kazi ya sine na kosine. Kalkulasi husaidia lakini si sharti la kuelewa mambo ya mwanzo. Katika programu, ajue kuandika kitanzi, sharti na funksheni, na ajue kusoma ujumbe wa kosa hadi mwisho badala ya kuufunga kwa hasira.

Hatuna kompyuta nzuri nyumbani. Inawezekana?

Inawezekana kuanza. Shule nyingi huwapa wanafunzi kompyuta ndogo za kwenda nazo nyumbani, na ingawa hazina nguvu, Python inaweza kuandikwa na kuendeshwa ndani ya kivinjari, ambapo kazi nzito hufanywa na kompyuta za mbali. Maktaba za umma zina kompyuta na intaneti bila malipo, na nyingi huazimisha vifaa vya intaneti vya kupeleka nyumbani. Mwanafunzi akiitwa kwenye kozi ya Julai inayofanyika mtandaoni, awaandikie waandaaji mapema na kwa uwazi kuhusu kifaa alicho nacho. Kukaa kimya kwa aibu hadi siku ya kwanza ya masomo humnyima nafasi ya kusaidiwa.

Kiingereza chake bado hakijanyooka. Atadharauliwa?

Masomo yote ni ya Kiingereza, na lazima aweze kusoma maelekezo na kuzungumza na timu yake. Hata hivyo lafudhi si kosa, na maabara za MIT zimejaa watu waliokulia katika lugha nyingine. Kinachofaa kufanyiwa mazoezi ni kueleza kazi kwa mdomo, kwa sababu kila timu hutakiwa kuwasilisha ilichokifanya. Ajizoeze kusimama na kusema dakika tatu mbele ya wadogo zake: tatizo lilikuwa hili, tulijaribu hivi, matokeo yalikuwa haya.

Nanyi wazazi mna haki yenu. Shule za umma za Marekani zinatakiwa na sheria kuwapa wazazi wasiojua Kiingereza vizuri taarifa muhimu kwa lugha wanayoielewa, pamoja na mkalimani katika vikao. Mkalimani huyo asiwe mtoto mwenyewe. Ombeni mkalimani wa Kiswahili mnapokwenda kuzungumza na mshauri wa masomo kuhusu mpango huu, na kama shule italeta mtu wa lugha nyingine kwa kudhani Waafrika wote wanaelewana, mkatae kwa adabu na muombe tena.

Alisoma kambini na hana vyeti vya huko. Hilo litamzuia?

Kwa kawaida halizuii. Kumbukumbu zinazohitajika katika maombi ya aina hii ni za shule ya sekondari anayosoma sasa hapa Marekani, kuanzia darasa la 9. Kama kuna pengo, kwa mfano alijiunga katikati ya darasa la 10, mshauri wa masomo wa shule anaweza kulieleza kwa sentensi chache za maandishi, na kijana mwenyewe akalieleza katika insha yake bila kulia wala kujisifu: nilisoma hapa hadi mwaka huu, tukahama, nikaanza upya.

Kuhusu hali ya uhamiaji, haki ya kila mtoto kusoma shule ya umma ililindwa na Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1982 katika kesi ya Plyler dhidi ya Doe. Mipango ya vyuo vikuu ni jambo tofauti, na kila mmoja una masharti yake kuhusu uraia na ukaazi. Soma sharti hilo kabla ya lingine lolote, na kama halieleweki, uliza kwa barua pepe. Usijaze kitu kisicho cha kweli katika fomu yoyote, hata mtu akikuambia kwamba wote hufanya hivyo.

Barua ya mwalimu iombwe vipi?

Iombwe mapema, angalau mwezi mmoja kabla, na kwa mwalimu wa sayansi au hisabati anayemfahamu kijana kwa kazi zake. Hapa tuna tatizo letu la malezi mema. Watoto wetu wamefundishwa kunyamaza mbele ya mkubwa, kutomtazama usoni kwa muda mrefu na kutobishana naye. Mwalimu wa Kimarekani anaweza kuisoma heshima hiyo kama kutojali au kutoelewa, na barua yake ikawa fupi na baridi. Mwambie mwanao kwamba kumwuliza mwalimu swali baada ya kipindi, kumwonyesha kitu alichokitengeneza nyumbani, au kumwambia kwa upole kwamba hakuelewa hatua ya nne, si utovu wa adabu katika shule za hapa. Anapoomba barua, ampe mwalimu karatasi yenye mambo matatu au manne ya kukumbuka: kazi aliyoifanya, tatizo alilolitatua, kwa nini anataka kozi hii.

Gharama ni kiasi gani? Analala wapi?

Kozi ya maandalizi ya mtandaoni ni bure. Kwa kozi ya Julai kuna ada, lakini familia zenye kipato kisichozidi kiwango kilichowekwa na waandaaji hazilipi, na kiwango hicho kimekuwa kikubwa kuliko wazazi wengi wanavyodhani. Familia nyingi za wafanyakazi wa viwandani, wa maghala na wa uuguzi wa nyumbani zimo ndani yake. Usiache kuomba kwa kuogopa bei kabla ya kusoma sehemu ya ufadhili.

Suala la malazi liulizwe mwanzoni kabisa. Usidhani kwamba chuo kitampa kijana bweni na chakula. Kwa familia inayoishi mbali na Massachusetts, kozi inayofanyika mtandaoni mara nyingi ndiyo yenye kuwezekana, na mafunzo yake si ya daraja la pili.

Tunategemea afanye kazi wakati wa likizo, au awaangalie wadogo zake. Tufanyeje?

Hili ni zito, na hatutalipuuza. Kijana wa miaka kumi na saba anaweza kuleta nyumbani fedha za maana kati ya Juni na Agosti, ilhali kozi hii si ajira wala haina mshahara. Wiki nne zake ni za kutwa nzima, kwa hiyo kuahidi kwamba atafanya kazi ya usiku na kusoma mchana ni kumchosha bure.

Fikirini kwa hesabu. Likizo ni ya wiki kumi hivi. Kozi inachukua nne, zinabaki sita. Waajiri wengi hukubali kijana aanze mara shule inapofungwa, asimame, kisha arudi Agosti, mradi waambiwe mapema. Kwa upande wa ulezi, tunawaomba hasa wazazi wa mabinti. Katika nyumba nyingi ni binti mkubwa anayepika, anayewapokea wadogo shuleni na anayetafsiri barua za hospitali, na saa yake ya kozi ya mtandaoni ndiyo huwa ya kwanza kukatwa. Kama kuna kaka nyumbani, kazi hizo anaziweza pia.

Lincoln Laboratory inafanya kazi za jeshi. Je, mwanangu anaandikishwa jeshini?

Haandikishwi. Ni kweli kwamba Lincoln Laboratory, iliyoanzishwa mwaka 1951, ni kituo cha utafiti kinachofadhiliwa na Wizara ya Ulinzi ya Marekani, na kazi zake nyingi ni za ulinzi: rada, setilaiti, mawasiliano. Wafanyakazi wake ni miongoni mwa wanaofundisha kozi hizi. Mwanafunzi wa kiangazi hasaini ahadi yoyote ya kutumika, na anachojifunza ni elimu ya wazi inayopatikana katika vitabu na vyuo popote duniani.

Hata hivyo tunaelewa kwa nini familia zilizokimbia vita huuliza swali hili kwa uzito. Teknolojia ileile inayoiongoza droni kutafuta watu waliozama mafurikoni inaweza kuongoza silaha. Ni jambo jema kulizungumza nyumbani na kijana mwenyewe, kabla hajaenda, kwa sababu mhandisi ataulizwa swali hilo maisha yake yote na ni bora alianze akiwa mezani na watu wanaompenda.

Akimaliza, amepata nafasi ya kusoma MIT?

Hapana. Hakuna ahadi ya nafasi. Anachopata ni kazi halisi ya kuonyesha, ujuzi, na walimu wanaomfahamu. Lakini kuna taarifa ambayo kila familia inapaswa kuwa nayo: kuanzia mwaka wa masomo ulioanza 2025, MIT haitozi ada ya masomo kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza ambao familia zao zina kipato cha chini ya dola 200,000 kwa mwaka, na mali za kawaida, na kwa walio chini ya dola 100,000 hata malazi na chakula havilipwi na mzazi. Kwa hiyo atakayesema "chuo kile si cha watu kama sisi, ni ghali" hana habari kamili. Kigumu ni kuingia, na ni kigumu kwa kila mtu.

Na asipochaguliwa?

Waombaji ni wengi kuliko nafasi, na vijana wazuri hukosa kila mwaka. Aendelee na timu ya roboti ya shule yake. Mashindano ya FIRST, yaliyoanzishwa na mvumbuzi Dean Kamen, yana timu katika shule nyingi za Marekani, na hupokea pia wale ambao hawajui kitu ila wana mikono ya kufanya kazi. MIT ina pia mpango mwingine uitwao MITES, wa wiki sita za kiangazi kwa waliomaliza darasa la 11, ambao haulipiwi ada wala malazi. Wanafunzi hubeba nauli tu. Upo pia Research Science Institute, ulioanza mwaka 1984, nao hautozi ada, ila unamfaa zaidi anayevutwa na utafiti wa kisayansi. Inafaa kuomba zaidi ya mmoja, kwa kuwa insha na barua za walimu hufanana kwa kiasi kikubwa.

Binamu zake wako Dar es Salaam, Bukavu na Mombasa. Nao wanaweza kujiunga?

Kwenye kozi ya Julai, hapana, kwa kuwa ni ya wanafunzi wa shule za Marekani. Elimu yenyewe haijafungiwa. Masomo ya MIT OpenCourseWare yako wazi kwa dunia nzima bila kujiandikisha. Gari la moja ya kumi linalofanana sana na la MIT lilibuniwa pia katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania kwa jina la F1TENTH, na mihadhara yake, michoro na kiigizo cha kompyuta vinapatikana bila malipo. Kiigizo humwezesha mtu kuendesha gari kwenye skrini bila kununua hata gurudumu moja. Tangu mwaka 2017 kuna pia mashindano ya FIRST Global, ambayo kila nchi hualikwa kuleta timu moja ya vijana wa sekondari.

Kijana aliyeko Marekani na binamu yake aliyeko Mombasa wanaweza kabisa kufanya mazoezi hayo pamoja. Tofauti ya saa ni saba au nane kwa wanaoishi pwani ya mashariki ya Marekani, hivyo saa nne asubuhi ya Jumamosi huko Boston ni jioni nyumbani Mombasa, na wote wawili wanaweza kufungua zoezi lilelile, mmoja akasoma msimbo kwa sauti na mwingine akautafuta mstari wenye kosa.